Mstari wa Watu Mbele ya Kanisa

"Mama Franck, kama akili ya kijana wako iko kwa simu, nani anaendesha ile moto?"

Swali hilo juu ya mtoto wangu na moto yake, yaani pikipiki, aliniuliza jirani yangu, Papa Rachidi. Yeye ni Mwislamu wa Maniema, na kazi yake ni kufundisha watu kuendesha magari. Mimi nilikuwa nachambua pondu, majani ya mihogo, mbele ya nyumba. Nilimjibu, "Mungu anamulinda."

Hakucheka. Alisema tu, "Amina," akaenda zake.

Tunaishi Kabondo, mjini Kisangani. Mume wangu alifariki zamani. Mtoto wangu Franck anabeba watu kwa pikipiki. Asubuhi anaanza na binti yake Bonheur: anampeleka shule, kisha anashuka Makiso, katikati ya mji, kutafuta wateja. Mke wake, Falonne, anauza samaki wakavu sokoni.

Simu ya Franck haikupumzika. Wateja waliita. Zaidi ya wote aliita Papa Alphonse, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, anayekaa Banalia. Tangu tulipozika, yeye ndiye baba wa jamaa. Usipopokea simu yake, anasema umemdharau, na jamaa nzima itasikia kabla ya jioni.

Basi Franck alijizoeza. Simu ikiita, anaangalia jina, anaisukuma ndani ya kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, mpaka ikae kwenye sikio. Anaongea huku anaendesha. Vijana wengi wa pikipiki wanafanya hivyo, na watu wanaona ni ujuzi.

Asubuhi moja, Franck akiwa na Bonheur kwenye barabara ya shule, Papa Alphonse aliita. Mbele ya Franck kulikuwa na toleka, baiskeli ya kubeba watu na mizigo. Ilijaa mikungu ya makemba, ndizi za kupika. Jua lilikuwa limetoka. Barabara ilikuwa imenyooka. Franck aliigonga kwa nyuma.

Mwenye toleka, Ismaël, alivunjika mkono. Makemba yalitapakaa. Bonheur alirushwa kwenye majani kando ya barabara. Nilipofika mbio, nilimkuta amesimama, amechubuka goti, anatafuta kiatu chake. Karibu na pale alipoangukia kulikuwa na jiwe kubwa la kujengea. Nilitazama jiwe. Nikamtazama mtoto. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi, na sikupata hata neno la kusali.

Franck alimpeleka Ismaël kwenye kituo cha afya. Aliporudi, Falonne alikuwa anamngoja.

"Mutoto wangu hapandi tena ile moto."

"Falonne, shule iko mbali."

"Atatembea, nimesema! Weye chagua: simu ao mutoto."

"Nikiacha kupokea, wateja watakimbia. Na Papa Alphonse je? Utamujibu weye?"

Falonne alianza kumpangusa mtoto goti. Papa Alphonse tulimwogopa wote.

Papa Rachidi akaja kumpa mtoto pole. Aliketi, akamgeukia Franck.

"Papa Alphonse alikuwa anakuambia nini leo asubuhi?"

"Juu ya mbuzi ya mahari, tonton," Franck alisema, akimwita mjomba kwa heshima. "Mbuzi mweusi, pembe moja imevunjika."

"Unamujua ule mbuzi?"

"Hapana. Lakini alinieleza muzuri. Ni kama nilikuwa namuona."

"Na toleka, uliiona?"

Franck alitikisa kichwa.

"Alors," Papa Rachidi alisema polepole. "Macho yako ilikuwa wazi. Toleka iko mbele yako, imejaa makemba kama nyumba. Na weye unaona mbuzi ya Banalia."

Kumbe mtu anaweza kuelekeza macho mahali na asione kitu!

"Mikono yangu ilikuwa huru, tonton," Franck alisema.

"Mikono, ndiyo. Lakini akili njo inaendesha, na akili inafuata maneno ya simu. Tena, mbele ya kuongea unaangalia jina."

"Mara moja tu! Kufunga na kufungua macho."

"Bon. Jumapili mukitoka kanisani, tutapima."

Jumapili wanaume wa kanisa walizuia barabara pande zote mbili. Franck alisimama kando, kaske kichwani, simu mkononi. Papa Rachidi alikuja na pikipiki kwa mwendo ule ule wa Franck wa kila siku. Alipofika mlangoni mwa kanisa, Falonne alimpigia mumewe. Franck aliangalia jina, akasukuma simu ndani ya kaske, akainua macho.

"Tayari!"

Pikipiki ilikuwa imeshafika kwenye mashine ya kusaga mihogo, mbali kule.

"Eh! Tonton, umekimbiza!"

"Panda weye. Mimi nitashika simu."

Wakabadilishana. Ikawa pale pale, kwenye mashine.

Ndipo Papa Rachidi akawaomba mama wa kwaya wapange mstari, bega kwa bega, kutoka mlango wa kanisa hadi mashine. Kwaya nzima haikutosha. Wakaingia watoto wa shule ya Jumapili. Hawakutosha. Wakaingia wazee, akaingia pasta mwenyewe. Falonne akaingia akimshika Bonheur mkono. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Franck, pita mbele yao kwa miguu. Tazama kila mutu."

Mwanzoni tulicheka. Mama Josée alisema, "Eh Franck, unakagua maaskari?" Lakini alitembea, na mstari haukuisha, na kicheko kikafa chenyewe. Mbele ya Bonheur alichuchumaa kwanza. Aliponifikia mimi alishindwa kuinua uso.

"Hawa wote," Papa Rachidi alisema, "unawapita bila macho. Juu ya jina moja tu."

Nasali kanisa hilo tangu ndoa yangu. Siku hiyo ndipo nilipoona sisi ni wengi kiasi gani.

Tangu hapo Franck anazima sauti ya simu na kuifungia ndani ya mfuko kabla ya kuondoka. Akifika, anatoka barabarani, anazima injini, ndipo anapowapigia waliomwita. Sisi nyumbani tukimpata kwa simu tunauliza kwanza, "Umesimama?" Wateja wengine walimwacha. Lakini mama wa mtaa walianza kumletea watoto wao awapeleke shule, mmoja baada ya mwingine. Falonne alimnunulia Bonheur kaske ndogo. Akamruhusu kupanda tena.

Kisha Papa Alphonse alitoka Banalia akaja. Alikataa hata maji.

"Mama Franck, mutoto wako amekuwa mukubwa? Naita, naita, kimya!"

"Nilikuwa naendesha, papa," Franck alisema. "Nikisimama, nakuita."

"Miye nilikubeba ukiwa muchanga! Sasa miye nangoja usimame?"

Falonne alimweleza habari ya toleka, na ya mstari. Papa Alphonse alipunga mkono. "Maneno ya kanisa hiyo. Simu ya mukubwa inapokelewa."

Franck hakupandisha sauti.

"Papa, kwa ule mustari kulikuwa Mama Josée. Mama Émilie. Pasta. Mama yangu huyu. Bibi yangu Falonne. Bonheur. Niambie, papa. Kati yao, nimugonge nani juu ya kukujibu?"

Bonheur alikuwa mkekani, anakula. Papa Alphonse alitazama goti lake, mahali ngozi mpya ilipokuwa bado nyekundu. Simu yake ilianza kuita mfukoni. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akatoka bila kudai tena simu ipokelewe.