Mkunjo wa Blanketi

"Kunguru Nne, achana na hilo Fuso. Rudi Vwawa."

Amri ilitoka kwenye redio ya Motorola, ikimwita askari Amoni kwa jina lake la siri, huku pikipiki yake ya Honda ikiunguruma nyuma ya lori. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kilomita mbili mbele, Tunduma. Ng'ambo yake, Zambia.

Mwenye sauti alikuwa Jairo, mkuu wake wa operesheni, na zamani kiranja wa bweni lake shuleni. Amoni hakuwahi kumkaidi.

"Rudia, Kiranja."

"Ni kahawa tupu. Rudi!"

Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bodi la lori.

Kahawa haihitaji barafu.

Amoni aliongeza mwendo, akalipita Fuso, akaikingamisha Honda barabarani. Bastola ya Beretta ilikuwa mkononi kabla breki hazijanyamaza.

"Afande, usiniue! Mimi nimebebeshwa tu pale Itaka!" dereva alilia.

Nyuma ya magunia palikuwa na kasha la barafu. Ndani yake, vichupa mia sita vya kipande cha homoni ya ukuaji kilichoundwa maabara, kilichoibwa kwa mtafiti, Daktari Ruti, na ambacho Amoni alikuwa akikisaka. Panya wake wanene walikuwa wamedungwa, wakapungua mafuta. Ripoti yake ilitamka wazi kwamba hakijawahi kujaribiwa kwa binadamu. Kesho wanawake wangeuziwa sindano hizo za kupunguza unene, na hakuna aliyejua zingewafanya nini.

Vichupa vilifungwa kwa blanketi. Kona zilikunjwa mshazari, zikachomekwa mara mbili, ukingo upana wa vidole vinne.

Amoni aliutambua mkunjo huo.

Shule yao nzima ilichomeka kona za blanketi mara moja. Ni kiranja mmoja tu aliyechomeka mara mbili kila Jumamosi ya ukaguzi.

Aliifungua redio kwenye mawimbi ya makao makuu Dodoma, kisha akampigia Jairo simu, spika wazi.

"Kona umechomeka mara mbili, kaka."

"Ni ili vichupa visivunjike," Jairo alisema. "Panya walipungua, Amoni. Na watu watapungua."

"Ruti hajui hilo. Wewe umelijuaje?"

"Nilikufundisha kutandika kitanda, dogo. Ndiyo shukrani hii?"

"Ulinifundisha pia kumtaja mkosaji, hata akiwa rafiki. Nimekutaja. Dodoma wamekusikia."

"Amoni! Mdogo wangu..."

Alikata simu.

Askari wa mpakani walipofika, mmoja alinyoosha mkono kwenye blanketi.

"Usilikunjue," Amoni alisema, akiwasha Honda. "Hiyo ndiyo sahihi yake."

Aliondoka bila kugeuka nyuma.