Chumba Chenye Kibali

Ukuta ulikuwa na umri wa mwaka mzima, lakini ulinuka saruji mbichi. Ndivyo mjane wa ghorofa ya tatu alivyoanza malalamiko yake mahakamani. La pili lilikuwa kwamba ndani ya ukuta huo kitu hugonga, mara tatu tatu, mchana kweupe.

Msanifu wa jengo, ambaye mafundi walimwita Bwana Muhuri, alicheka mpaka alipoonyeshwa ramani. Nyuma ya sebule ya mjane palichorwa chumba cha mita mbili kwa tatu, hakina dirisha, hakina mlango. Hakukichora yeye. Muhuri, hata hivyo, ulikuwa wake. Kwa uvivu wake, kila Jumatatu aligonga muhuri karatasi tupu dazeni nzima, wachoraji wajichukulie. Moja ilipotea, naye hakuuliza. Kesho hakimu angemuuliza: akikubali mchoro ni wake, leseni imekwenda, akiukana, itabidi aeleze habari ya karatasi tupu, na leseni imekwenda vilevile.

"Nilimleta mganga," mjane alimnong'oneza sebuleni kwake, mbele ya ukuta ule. "Akatoka mbio, baba. Eti jini huyu hakuvamia, ana kibali. Aliyempa ndiye wa kukifuta."

"Bomoa," Bwana Muhuri akamwambia fundi aliyeujenga ukuta.

"Bosi, mimi nilipokuwa nikijenga niliuliza mlango uko wapi, nikaambiwa muhuri upo. Kesho usinigeuke."

"Bomoa, nimesema!"

Tundu lilipofika upana wa mtu, Bwana Muhuri aliinama akaingia. Ndani palikuwa na meza, na juu yake karatasi yake iliyopotea, wino ungali mbichi. Leseni ni leseni. Akatoa kalamu akaanza kuufuta muhuri wake, akifuta huku harufu ya saruji ikizidi, huku pumzi isiyo yake ikimpuliza shingoni, huku mwanga wa tundu ukififia juu ya meza, mpaka sauti ikamwambia taratibu, kwa adabu ya karani:

"Mchoro hauna mlango, bwana."

Aligeuka. Ukuta ulikuwa mzima, umelowa.

Alipiga kelele, kelele zikabaki humo humo. Akapiga ukuta kwa ngumi, mara tatu.

Upande wa pili, fundi aliangusha nyundo. "Ni bosi! Bosi yumo ndani!"

"Bosi wako kaingia sasa hivi," mjane akasema. "Mimi kugonga huko nakusikia mwaka mzima."