Mwenye Kiu wa Getsemaní

Ilianza kwa maji kukauka katika nyumba ndogo ya wageni, mtaa wa Getsemaní, Cartagena. Eneida Puello aliamka akakuta bakuli la paka tupu. Akapita sebuleni, akaona maua mbele ya picha ya Bikira yamesimama kwenye chombo kikavu. Alipofungua friji, mtungi wa maji ya wageni ulikuwa mtupu pia, na kifuniko chake hakijaguswa.

"Ni joto," alisema mumewe, Wilfrido, mdomo umejaa arepa, andazi la mahindi lenye yai ndani. "Cartagena nzima inakauka."

"Joto la ndani ya friji?"

Wilfrido akainamia sahani yake, na Eneida alijua kwa nini. Wiki hiyo mumewe alikuwa amepasua saruji iliyoziba birika la uani, shimo la mawe la kuhifadhia maji ya mvua lililochimbwa enzi za Wahispania. Alitaka kuligeuza bwawa dogo la wageni kuogelea. Mama yake Wilfrido, kabla hajafa, aliwausia jambo moja tu juu ya birika hilo: mtu alifungiwa mle akafa kwa kiu, na mpaka leo hajanywa.

"Lifunike leo, Wilfrido."

"Ene, mama alikuwa mzee. Wazee huogopa hata vivuli vyao."

Asubuhi hiyo hiyo akaingia mgeni mmoja, Matías Oyarzún, kijana wa Chile mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Alitaka kitanda cha siku moja tu, kesho yake apande mashua ya kwenda Panama. Jua lilikuwa limemchoma, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Mama, hapa mnaishije? Nimeiva!"

"Bado kidogo, mwanangu. Ukiiva kabisa tutakupakua na wali wa nazi."

Kijana akacheka. Hakwenda kutembea kwenye kuta za ngome kama wenzake. Alikaa jikoni akimsaidia Eneida kumenya ndizi, huku akimsimulia habari za mama yake, Hortensia, mshonaji wa Temuco, ambaye alidhani mwanawe bado yuko Peru.

"Hujamwambia uko huku?"

"Atalia, mama. Nitampigia nikifika Panama. Kwa sasa hakuna mtu duniani anayejua niliko." Alilisema hilo kwa fahari.

Adhuhuri ilipofika mtaa ulinyamaza. Wachuuzi walijificha vivulini, na Eneida akajilaza kwenye bembea ya kamba barazani. Usingizi ulikuwa umeanza kumchukua aliposikia sauti ya Matías uani.

"Nani?" aliuliza, kisha akasema: "Ndiyo, nakusikia. Ngoja, naja."

Eneida alikurupuka, kwa maana tangu utotoni alikatazwa kuitika mwito wa adhuhuri kabla hajamwona mwitaji. Akapigwa na harufu ya kutu na tope la pwani maji yakupwapo, harufu ambayo haikuwa na njia ya kufika katikati ya nyumba ile. Alipotokeza uani alimwona kijana amelala kifudifudi kwenye ukingo wa birika, kichwa na mabega vimezama shimoni, miguu ikipigapiga sakafu, na kutoka chini kukisikika sauti ya ulimi ukilamba mawe, polepole, kama mnyama anayelamba sufuria iliyokwisha chakula.

"Wilfrido!" akaita. "Wilfrido, njoo!"

Wilfrido akaja mbio, akamshika kijana miguu, akamvuta. Matías akageuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, ulimi umekuwa mweusi, na macho yaliyomtazama Wilfrido hayakuwa ya kijana yule wa ndizi. Aliruka bila kuinama wala kujikusanya, akamwangusha mwanamume aliyemzidi mwili maradufu, akamkandamiza kwa magoti, akaligonga fuvu lake sakafuni, kisha akamng'ata sikio la kushoto, akaling'oa, akalitema, na kuanza kunyonya pale lilipokuwa, huku Wilfrido akipiga mayowe yaliyowafanya mbwa wa mtaa mzima waanze kulia.

Eneida alishika kiti cha mbao akampiga nacho mgongoni mpaka kikavunjika. Matías akarushwa pembeni. Mume na mke wakakimbilia jikoni, wakakomea mlango, wakasikia kucha zikiukwangua kutoka juu mpaka chini.

"Kaa hapa," Eneida alinong'ona. "Namfuata Cassiani."

Alitoka kwa dirisha la barabarani. Cassiani, mtu wa Palenque, kijiji cha wajukuu wa watumwa waliotoroka, alikuwa dereva wa pikipiki kwenye uwanja wa Trinidad mtaani hapo, na watu walimwita kwa mambo kama haya ingawa mwenyewe hakuyapenda. Alisikiliza, akalaani, akachukua chupa ya ramu na mfuko wa chumvi.

"Mungu anione," alisema wakiwa mlangoni. "Dada Eneida, mimi nina watoto."

Walimkuta Matías amesimama ukingoni mwa birika. Mkono wake mmoja ulining'inia, umevunjika. Kinywa kilikuwa chekundu. Wilfrido alikuwa amefungua mlango wa jikoni kidogo, anachungulia, kitambaa kimelowa damu kichwani.

"Wewe uliyemo humo," Cassiani alisema, "unataka nini?"

"Kunywa," ilijibu sauti kavu, nzito, isiyo ya kijana. "Mmoja tu. Nimengoja mno. Nipeni mmoja nishuke naye."

Hapo ndipo Wilfrido alipozungumza, kwa kunong'ona, lakini kila mtu alimsikia.

"Mchukue huyo huyo. Ni mpita njia. Hakuna anayejua yuko hapa. Hakuna atakayemuuliza."

Eneida alimgeukia mumewe kana kwamba hajapata kumwona. Jini la birikani likacheka.

"Mwenye nyumba kasema," likasema, na mwili wa Matías ukaanza kuinamia shimo.

Eneida akamrukia kijana, akamkumbatia kiuno. Jini lilimvuta pamoja naye, magoti yakichunika kwenye mawe, kiwiko cha kijana kikimpiga usoni mpaka akasikia jino likikatika, na mikono mikavu isiyoonekana ikimshika kifundo cha mguu na kukivuta chini, huku Cassiani akimwaga ramu na chumvi shimoni, akipiga kingo kwa mkanda wa suruali yake na kupaza sauti kwa lugha ya Palenque, ile waliyoimba bibi zake wakizika wafu, hadi akageuka na kufoka, "Linamchukua kwa kuwa hana mwenyewe! Mama yake ni nani? Mwiteni kwa mama yake!"

"Matías wa Hortensia!" Eneida akalia. "Hortensia wa Temuco anakungoja! Una mwenyewe, mwanangu! Una mwenyewe!"

Mwili ukalegea mikononi mwake. Kijana akapiga ukelele wa mtoto, akaanza kulia na kumwita mama yake. Chini, kitu kikaanguka kwa kishindo juu ya jiwe kavu.

Matías hakuiona Panama. Alilazwa hospitali, mkono ukafungwa plasta, akarudi kwao kwa ndege. Siku ya kuondoka hakuuliza habari za jini. Alimuuliza Eneida jambo moja.

"Yule bwana aliyesema hakuna atakayeniuliza. Alikuwa mumeo?"

"Alikuwa," Eneida alisema.

Cassiani hakuwaficha. "Limemtoka kijana, nyumba halijaihama. Limeahidiwa mmoja, na ahadi imetoka kinywani mwa mwenye nyumba." Wilfrido alikataa birika lizibwe tena. Alianza kukaa uani adhuhuri peke yake, na majirani walisikia watu wawili wakizungumza.

Eneida alipanga chumba upande wa pili wa barabara. Hakwenda mbali, ingawa dada yake alimwita Barranquilla. Aliweka meza ya sharubati mlangoni na kiti kinachotazama mlango wa nyumba yake ya zamani.

Wiki iliyopita msichana mmoja alisimama mbele ya mlango ule, begi mgongoni, vumbi la safari miguuni. Wilfrido alikuwa mlangoni, anatabasamu, midomo yake imepasuka. Eneida alivuka barabara akamshika msichana mkono.

"Binti, twende. Nyumba hii imejaa."

"Lakini bwana huyu anasema kuna kitanda."

"Imejaa, nakwambia."

Wilfrido akacheka kwa sauti kavu, nzito, isiyo yake.

"Kweli," ikasema. "Imejaa."