Simu ya Jumamosi

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake za shule na kuzianika, Mbio alikabidhiwa simu ya mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo wateja humjaa kibarazani hata nafasi ya kumeza mate hana. "Shika," alimwambia bintiye. "Ikilia, unajua pa kuipeleka."

Pa kuipeleka palikuwa nyumba ya pili, kwa Bibi Karanga. Bibi alikaanga karanga kwenye sufuria pana, akazifunga kwenye karatasi na kuziuza mlangoni. Simu yake mwenyewe hakutaka. Alisema masikio yake yamekwishachoshwa na kelele za mtaa, hataki kengele ndani ya nyumba. Mwanawe wa pekee alikuwa mwanajeshi, na kikosi chake kilikuwa kimepelekwa nchi ya mbali kulinda amani. Mtaani walimwita Koplo tangu alipokuwa mtoto wa kuwaongoza wenzake na kijiti begani. Siku alipopata cheo hicho kwa kweli, watu walicheka wakasema jeshi lilichelewa tu.

Jina la Mbio lilitoka kwa Koplo huyohuyo. Alipokuwa anaondoka, begi liko mgongoni, alichuchumaa mbele ya msichana huyo.

"Huko niendako tunapiga simu kwa foleni," alimwambia. "Kila mtu anapewa dakika chache. Wewe una miguu, nitakuita Mbio. Nikipiga, mkimbilie mama yangu na simu. Hiyo ndiyo kazi yako ya jeshi."

Mbio alipiga saluti. Na kweli alikimbia, miezi mizima, bila kukosa. Tatizo lilikuwa Bibi mwenyewe. Hakukubali kuzungumza na mwanawe akiwa na masizi mikononi. Ilibidi kwanza anawe, kisha atafute kitambaa chake kizuri cha kichwa, akifunge sawasawa, akae kwenye kiti cha mlangoni, ndipo aseme, "Haya, nipe mwanangu."

"Lakini Bibi, hakuoni," Mbio alimwambia siku moja.

"Mimi najiona," Bibi akajibu, na mjadala ukafungwa.

Basi ikatokea Jumamosi moja mama na mwana wakakosana kwenye simu. Koplo alisema muda wao wa kukaa huko umeongezwa. Bibi, kwa uchungu, akamwambia, "Kama jeshi ndilo mama yako, kaa nalo. Mimi usinipigie tena." Akamrudishia Mbio simu. Wiki nzima hakutaniana na mteja hata mmoja.

Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa anakusanya soksi, sabuni na michoro ya kuwapelekea wanajeshi walio mbali. Aliwaambia wanafunzi kwamba askari hulala vizuri akijua kwao kuna anayemwangalia mzazi wake. Mbio alichora bendera kubwa kuliko za wenzake wote, akapigiwa makofi hadi habari zikafika mtaani.

Jumamosi iliyofuata, wasichana wa mtaa waliruka kamba mbele ya kibaraza. Mbio alisubiri zamu yake mpaka akachoka kusubiri. Ndiyo kwanza ameingia kwenye kamba, simu ikalia mfukoni. Alitazama nyumba ya pili. Akawaza kunawa, akawaza kitambaa, akawaza kiti. Zamu ingempita.

"Bibi amelala," alisema kwenye simu.

"Amelala saa hizi? Anaumwa?"

"Hapana. Amechoka tu."

Nyuma ya Koplo kulisikika sauti za wanaume waliokuwa kwenye foleni. "Basi usimwamshe," alisema. "Mwambie hivi: sina kinyongo naye hata kidogo. Mama akisema kwa uchungu, mimi nasikia uchungu, maneno siyasikii. Na aniwekee zile zilizoungua. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Asante, askari wangu."

Mbio akarudi kwenye kamba. Alikusudia kupeleka ujumbe jioni, lakini jioni ilipofika akakumbuka kwamba Bibi atauliza, "Mbona hukuniita?" Miguu iliyopewa jina ikawa mizito. Mama alipomuuliza kama Koplo alipiga, alisema hakupiga. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili ulikuwa mzito zaidi.

Kabla ya Jumamosi nyingine kufika, wanajeshi wawili waliovaa sare walisimama mlangoni kwa Bibi Karanga, kofia mkononi. Mbio aliwaona akitoka shule. Aliona sufuria bado iko motoni, karanga zinafuka moshi, na hakuna anayezigeuza. Gari la kikosi lilikuwa limeshambuliwa barabarani. Koplo hakurudi.

Nyumba ya pili ikajaa watu. Mama wa Mbio aliacha cherehani yake akaenda kupika na kuwapokea waombolezaji. Mbio alipewa kazi ya kupeleka maji ya kunywa, na kila alipopita na jagi alimsikia Bibi akisema yaleyale kwa kila aliyekuja.

"Nilimfukuza kwa mdomo wangu. Jumamosi ile nilivaa kitambaa tangu asubuhi, nikakaa kwenye kiti ndani ya nyumba, nimwombe radhi. Hakupiga. Mwanangu amekwenda na kinyongo nami."

Watu walimwambia, "Usiseme hivyo." Lakini hakuna aliyejua la kumjibu. Aliyejua alikuwa amesimama na jagi, machozi yanadondoka ndani ya maji.

Chakula kikamshinda Mbio. Mama alimgusa paji la uso akidhani ni homa, akakuta ngozi ya baridi. Baada ya mazishi, mama aliporudi kwenye cherehani, Mbio alikuja akasimama kando yake. Akasema yote, tangu kamba mpaka uongo wa pili.

Mama aliondoa mguu kwenye kikanyagio. Hakumpiga wala hakumfokea, na Mbio angependa afokewe.

"Mwanangu, umefanya nini," alisema kwa sauti ndogo. "Yule mama anakufa kidogo kidogo, na dawa yake umeikalia wewe."

"Utanisemea, mama?"

"Nitakusindikiza. Kusema utasema mwenyewe."

Walimkuta Bibi jikoni, mikono ina masizi. Alikuwa amerudi kwenye sufuria yake, kwa sababu alisema kukaa bure kunamuua. Mbio akapiga magoti.

"Bibi, alipiga. Jumamosi ile Koplo alipiga. Nilimwambia umelala ili nicheze. Na aliniachia maneno ya kukuambia, sikuyaleta."

Mama alifikiri Bibi atapiga kelele, akamsogelea kumshika. Bibi akamwondoa mkono taratibu, akainuka. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, kidole kwa kidole. Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa chake kizuri. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Haya," alisema. "Nipe mwanangu."

Mbio alimpa. Hakupunguza neno wala hakuongeza. Sina kinyongo naye hata kidogo. Mama akisema kwa uchungu, mimi nasikia uchungu, maneno siyasikii. Na aniwekee zile zilizoungua.

Hapo Bibi alilia. Alilia mpaka kitambaa kikalegea, na mama wa Mbio alilia naye akiwa amemshika mabega. Karanga zilizoungua hazinunuliki, ndizo alizokuwa akimpa Koplo tangu utotoni.

Alipopata sauti, alimwita Mbio karibu.

"Sitakuambia haikuniuma. Ungenikimbilia, ningeisikia sauti yake. Hilo hakuna wa kunirudishia, na wewe utalibeba. Lakini ungeweza kunyamaza mpaka nife, nisijue. Umekuja. Sasa naweza kulala."

Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Walio mbali hatuwezi kuwabebea bunduki. Tunaweza kuwabebea wazee wao, watoto wao, na maneno yao. Mchoro wa bendera ni mzuri, mjukuu wangu, lakini kazi yenyewe ni hii ndogo, ya kila Jumamosi, hata ukiwa umechoka. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijamla mtu mwingine."

"Ndiyo, Bibi."

"Mke wa dereva mmoja wa kikosi chao, pale kona, ana mtoto mchanga. Hana wa kumshikia mtoto mumewe anapopiga. Kesho ni Jumamosi."

"Nitakwenda, Bibi."

Bibi aliinuka akarudi jikoni. Alichota zilizoungua chini ya sufuria, akazifunga kwenye karatasi, akaziweka mkononi mwa Mbio na kuvifumba vidole vyake.

"Mpelekee yule mama wa kona," alisema. "Na usitembee. Kimbia."