Mena na Ubao wa Bonde la Pili

"Uko wapi?"

"Kwa daktari wa meno," Mena alijibu, amekaa kwenye theluji, makalio yakimuwaka moto.

"Mbona nasikia upepo?"

"Nimetoka nje kidogo. Nitakupigia, Romed."

Akakata simu. Kassian, mwalimu wa ubao, ule mmoja unaobeba miguu yote miwili kutelezea theluji, alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama maziwa yakimwagika.

"Mchumba wako?"

"Ndiye."

"Anajua unajifunza ubao huku bonde la pili?"

"Angejua, saa hizi ningeshaachwa. Kwetu mtu wa ski kupanda ubao ni aibu. Nisimamishe."

Mena hakuwa mgeni wa theluji hata kidogo. Alivalishwa ski, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea, kabla hajajua kutamka jina lake, na sasa alikuwa mwalimu wa ski kijijini kwao, Tiroli, kwenye milima ya Austria. Romed naye alikuwa kocha wa timu ya mashindano, mwanaume ambaye hata mezani alikuelekeza namna ya kushika kijiko. Harusi yao ilipangwa baada ya Pasaka, na kadiri ilivyosogea ndivyo Mena alivyokosa raha. Tangu utotoni alipita palepale alipopita Romed, akikosolewa goti, kiwiko, hata pumzi. Alitaka kitu kimoja tu kilicho chake kabla hajavishwa pete.

Kumbe ubao nao ulikuwa na kiburi chake. Kila mara alirudia kosa la watu wa ski: anageuza kifua kitazame bondeni, wakati ubao unamtaka ashuke ubavu. Ukingo unakamata theluji, na yeye huyo chini.

"Bega la kushoto litangulie," Kassian alisema. "Sahau ski."

"Mwili umezoea, bwana. Haunisikii."

Ujumbe wa Romed ukaingia kwenye simu.

"Nimempigia daktari wa meno. Leo hafungui. Ni nani huyo?"

Kabla hajajibu, ukaingia wa pili.

"Shangazi ameona gari lako huko. Nakuja."

Romed alikuja kweli, ski miguuni, uso umeiva. Akamkuta Kassian amemshika Mena mikono yote miwili.

"Kwa hiyo ni huyu."

"Namfundisha tu," Kassian alisema, akaiachia mikono. Mena akaanguka palepale.

Ndipo Romed alipoona kilichokuwa miguuni mwa Mena.

"Ubao? Mena, ubao? Bora ungekuwa na mwanaume."

"Unajisikia unavyoongea?"

"Mwanaume ningepigana naye. Hili nitawaambia nini watu?"

"Panda juu na mimi. Tutaongea njiani."

Mtambo wa kuvuta watu mlimani ulikuwa na fito za kuegemea watu wawili wawili, wakivutwa wamesimama, na mmoja akianguka humwangusha mwenzake. Romed alisimama akitazama mbele. Mena, kwa kuwa mtu wa ubao husimama ubavu, hakuwa na pa kutazama isipokuwa usoni mwa mchumba wake.

"Kunja goti," Romed akasema.

"Umeanza."

"Utaanguka."

"Niache nianguke. Romed, silali. Nikifikiria kuwa mwanafunzi wako hadi uzeeni natamani kukimbia. Ukitaka kunioa, nioe hivi hivi, sijui kitu. Hutaki, tuachane leo, tukifika juu."

Romed aliukamata ufito kwa mikono yote miwili.

"Mimi najua ski tu," alisema mwishowe. "Kila nilichowahi kukupa kimetoka humo. Ukiwa na jambo nisilolijua, utanihitajia nini?"

Mena hakuwa amewahi kumsikia akiogopa. Ilimuuma, na akampenda zaidi.

"Kukuhitaji nimechoka," alisema. "Nakutaka."

Romed akageuka kumtazama, na safari hii hakutazama magoti. Ski zikapishana. Kocha akaanguka kifudifudi, akamvuta na Mena, wakabingirika pamoja hadi nje ya njia, huku waliokuwa nyuma yao wakipita wanacheka.

Mena akajaribu kuinuka. Alikuwa anakosea, na Romed aliona anapokosea. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mena akaanguka tena, akaanguka tena, kisha akasimama. Romed alibaki amekaa kwenye theluji, macho yamelowa, midomo ameibana.

"Harusi ipo?" akauliza.

"Ipo. Lakini kesho narudi huku."

"Naweza kuja kutazama?"

"Ukae mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Nisikusikie."