Chaneli Moja ya Bibi Stamena

Kila asubuhi Zlatka alikuwa na kazi tatu: kuwasha jiko, kukamua mbuzi, na kumgeuza mama mkwe wake kitandani. Bibi Stamena alikuwa na miaka themanini na minne. Wakati wa baridi aliteleza kwenye barafu uani, akavunjika nyonga. Mwili ulilala tangu siku hiyo. Ulimi haukulala.

"Maziwa haya umeyachemsha, au umeyatishia moto tu?"

"Kunywa, Mama, au nampa paka."

Walipendana sana hao wawili, ndiyo maana walichokozana.

Mwezi huo wa Juni Bibi alikuwa na jambo moja tu moyoni. Jumapili saa sita mchana, chaneli ya nyimbo za asili ingeonyesha kwaya ya kijiji chao. Kwaya ilirekodiwa vuli iliyopita. Bibi Stamena alikuwemo, amesimama na mdogo wake, Penka. Mwezi Machi Penka alifariki, na Bibi, kwa sababu ya nyonga ile, hakuweza kwenda kumzika.

"Nataka kumwona mara moja tu," alimwambia Zlatka. "Kisha nitanyamaza."

"Wewe unyamaze? Tutakufa kwa mshtuko," alisema Zlatka.

Shida ilikuwa king'amuzi. Kilipigwa na radi mwezi Mei, siku ya Mtakatifu Georgi. Tangu hapo televisheni yao ilikuwa meza ya kuwekea maua.

Alhamisi Metodi, mume wa Zlatka, alirudi kutoka gulioni akichekelea peke yake. Mkononi alikuwa na boksi kubwa la king'amuzi.

"Chaneli elfu sita!" alisema. "Someni wenyewe. Tena kimetoka Ujerumani!"

"Elfu sita za nini, na Mama anataka moja?"

Metodi aliigeuza televisheni achomeke waya. Waya ulikuwa na kichwa chembamba, na tundu la televisheni lilikuwa pana. Akasukuma. Akatukana kidogo. Akasukuma tena. Zlatka akatoka kwenda kumwita Todorka.

Todorka alikuwa jirani yao. Alifanya kazi miaka ishirini katika kiwanda cha televisheni, mpaka kiwanda kilipofungwa. Alitazama boksi, akatazama televisheni, akamtazama Metodi.

"Metodi, ukimnunulia mkeo viatu, unapima mguu au unapima boksi?"

"Viatu ananunua mwenyewe."

"Ana akili. Basi sikiliza. Kwanza tazama nyuma ya televisheni yako. Hii ni ya zamani, ina tundu pana tu. Chagua king'amuzi chenye tundu kama hili. Piga picha kwa simu, umwonyeshe muuzaji."

"Na hizi elfu sita?"

"Zimetawanyika angani kote. Dishi lako linatazama satelaiti moja tu. Halafu nyingi zimefungwa, mpaka ununue kadi na kulipia kila mwezi. Ile ya kwaya ni ya bure, na iko kwenye satelaiti yako. Hiyo inakutosha."

"Kumbe king'amuzi chochote kinafaa?" aliuliza Zlatka.

"Hapana. Chaneli hiyo sasa inarushwa kwa mawimbi ya aina mpya, yenye picha safi zaidi. Ving'amuzi vya zamani haviyapati. Ulizeni kwanza. Na msitoke dukani mpaka kimewashwa mbele yenu, na mmepewa risiti na karatasi ya dhamana."

Metodi akajikuna kichwa. Gulioni hakupewa risiti, na yule muuzaji hakuwa hata na duka.

Jumamosi walikwenda mjini. Muuzaji wa duka la huko alitazama picha, akaleta king'amuzi kidogo, cha bei nafuu kuliko kile cha gulioni. Akakiwasha, na chaneli ya kwaya ikaonekana, pamoja na nyingine mia mbili. Metodi alikibeba nyumbani bila kuchekelea.

Jumapili asubuhi walikiunganisha pamoja na Todorka. Kioo kikaandika: hakuna mawimbi.

"Si nilisema!" alifoka Metodi. "Kidogo mno hiki!"

Todorka alitoka nje hadi uani, akainua macho kwenye kichanja cha mzabibu kilichotia kivuli meza ya kulia chakula.

"Dishi hili ulilifunga lini?"

"Februari. Siku ya kukata mizabibu."

"Mzabibu ukiwa mtupu. Sasa tazama."

Majani yalikuwa yamelifunika dishi lote.

"Dishi linataka anga wazi," alisema Todorka. "Majani yanazuia mawimbi. Wiki ijayo tutalihamishia ukutani kule juu. Lakini leo imebaki nusu saa tu."

Metodi aliutazama mzabibu. Ulipandwa na marehemu baba yake. Katika kijiji chao hakuna mtu anayekata mzabibu Juni, ukiwa na zabibu changa, hata mlevi. Zlatka alilijua hilo. Alitaka kumwambia aache, lakini mumewe alikuwa ameshachukua mkasi wa kukatia matawi.

"Baba atanisamehe," alisema Metodi. "Mama ndiye hatanisamehe asipomwona Penka."

Alikata matawi matatu manene. Zlatka aliokota zabibu mbichi kwa aproni, na roho ilimuuma. Kisha Todorka akapiga kelele ndani: "Imekuja!"

Wakakimbilia chumbani kwa Bibi. Kwaya ilikuwa imeshajipanga.

"Penka, simama wima!" Bibi aliikaripia televisheni, kama alivyomkaripia mdogo wake maisha yote.

Wimbo ukaanza. Kwenye kioo Stamena alitangulia na Penka akapokea. Kitandani, Bibi alinyamaza ilipofika sehemu yake. Ilipofika ya Penka, aliimba naye, polepole, mpaka mwisho. Zlatka alilia wala hakujificha. Metodi alisimama mlangoni na mkasi wake, akitazama sakafu.

"Zima," alisema Bibi.

"Zimebaki chaneli mia mbili, Mama!"

"Hizo tazama wewe, mwanangu. Mimi nimeshamuaga Penka."