Gari Lenye Kiu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, dobi alitoka uani na jagi la maji. Alifungua boneti ya gari, akafungua mfuniko wa tangi, akamimina. Kisha alishusha boneti taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hakuna aliyemfundisha. Alimwiga mumewe. Meza yake ya kupigia pasi ilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama uani. Mwaka mzima alikuwa akimwona mumewe kwa mgongo: boneti juu, jagi mkononi, maji yanashuka. Sasa mume alikuwa kaburini. Gari lilibaki na jagi lilibaki. Dobi akasema moyoni, angalau hili sitalikosea.

Asubuhi nyingi tangi lilikataa. Maji yalifurika, yakalowesha viatu vyake.

"Limeshiba hilo, mama," binti yake alisema siku moja.

"Lishibe tu. Baba yako hakuwahi kuliacha na kiu."

Gari lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililoilisha nyumba. Dobi alifua mashuka ya nyumba za wageni. Alifua, akaanika, akapiga pasi, akakunja, akapeleka mwenyewe. Mashuka meupe hayabebwi mkononi kwenye barabara ya vumbi. Mumewe alikuwa amemfundisha usukani, gia na breki. Boneti hakumfundisha. "Huko chini ni kwangu," alikuwa akisema huku akicheka.

Baada ya mazishi, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alianza kulizunguka gari kwa macho.

"Gari si beseni la kufulia, shemeji," alisema. "Likikuzimikia njiani hata mara moja, nalichukua naliuza. Mteja ninaye. Mali ya marehemu ni ya ukoo."

"Ukoo ndio unaofua?" dobi alimwuliza.

Shemeji alicheka, lakini hakuwa anatania. Dobi alijua. Gari likiondoka, kazi inaondoka nalo, na ada ya binti pia.

Siku ya balaa ilikuwa ya jua kali. Dobi alikuwa akipanda mlima na mashuka yamejaa hadi kwenye dari. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Binti alikuwa kwenye kiti cha mbele, amepakata foronya.

"Mama, huu mshale wa joto mbona umepanda hivi?"

"Hata sisi tunapanda," dobi alijibu.

"Umefika kwenye nyekundu."

"Tukifika juu utashuka. Mteja anasubiri."

Haukushuka. Injini ilianza kugonga. Harufu ya kitu kinachoungua iliingia ndani. Kisha mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, mwingi kama wa pasi kubwa, na gari likaishiwa nguvu. Dobi alilisogeza kando ya barabara akazima.

"Usimpigie baba yako mdogo," alisema.

"Nimeshampigia," binti alijibu kwa sauti ndogo. "Anasema ufungue mfuniko wa rejeta, ule wa chuma huko mbele, sasa hivi, umwagie maji ya baridi."

Dobi alifungua boneti. Alizungusha foronya mkononi ili asiungue, akanyoosha mkono kwenye mfuniko.

"We jirani! Toa mkono huo!"

Sauti ile ilivuka barabara yote. Alikuwa fundi wa magari, jirani yao wa mtaa wa nyuma, mwanamke mnene mwenye gereji ng'ambo ya pale. Mtaa mzima ulimwita Honi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuja mbio, ovaroli imejaa grisi.

"Unautaka uso wako au huutaki?" aliuliza huku akihema.

"Nautaka, dada."

"Basi usifungue rejeta ya moto. Maji ya ndani yamechemka na yamefungiwa. Ukilegeza mfuniko tu, yanakurukia. Nina mteja aliyebabuka shingo yote kwa kosa hilo. Foronya haikusaidii kitu."

"Shemeji kasema nimwagie maji ya baridi."

"Mwambie shemeji akamwagie miguu yake. We binti, glasi ya moto ukiitia maji ya baridi inafanyaje?"

"Inapasuka."

"Na injini ni hivyo hivyo. Ikipasuka, hapo hata mimi nitakupa pole tu."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukae. Injini imezimwa, inapoa yenyewe. Nusu saa, au hata zaidi. Mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuruka."

Waliketi ukingoni mwa barabara. Dobi alimpigia mteja akamwomba asubiri mpaka jioni. Mteja alinung'unika, akakubali. Fundi hakuweza kukaa kimya, kwa hiyo alifundisha.

"Siku nyingine ukiona mshale unapita katikati, zima kiyoyozi mara moja. Kama huna pa kusimama, fungua madirisha na washa hita mpaka mwisho. Mtatoka jasho, lakini ile hita inavuta joto la injini. Ukipata mahali salama, simama, zima. Usiseme mteja anasubiri. Injini ikifa, atasubiri milele."

Gari lilipopoa, fundi alifunika mfuniko kwa kitambaa kinene, akauzungusha kidogo, akasikiliza, akaufungua. Alichungulia. Akapiga mluzi.

"Kukavu. Mara ya mwisho kutia maji ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi," dobi alisema. "Natia kila siku. Sijaruka hata moja."

"Unatia wapi?"

Dobi alionyesha kwa kidole, kwa fahari kidogo. Fundi aliangalia kidole, akaangalia tangi, akamwangalia dobi.

"Jirani, hilo ni tangi la waipa. Maji ya kuoshea kioo."

Binti aliangua kicheko. Kisha akaona uso wa mama yake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kutoka dirishani yanafanana," dobi alisema polepole. "Nilikuwa namwona kwa mgongo."

Fundi alishusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Si wewe wa kwanza. Njoo uone. Tangi la maji ya injini ni hili, lenye mistari miwili ubavuni. Kipimo kinatakiwa kiwe katikati ya mistari. Linaangaliwa injini ikiwa baridi."

Alivuta kijiti cha oili, akakipangusa, akakitumbukiza, akakivuta tena. "Oili yako ni nyeusi tu. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili, gasketi inayovitenga imeungua. Ungelia. Mungu amekuonea huruma."

Waliita watu wakasukuma gari hadi gereji. Pale fundi alimimina maji kwenye rejeta, akalala chini, akamwita dobi alale kando yake. Dobi alisita, kisha akakunja gauni akalala kwenye saruji. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mpira wa chini, mahali unapoingia kwenye rejeta. Mpira ulikuwa umechanika kwa kukakamaa. Kuzunguka ufa palikuwa na mistari ya kutu, mmoja juu ya mwingine.

"Hii si ya leo," fundi alisema. "Kutu hii ya siku nyingi. Marehemu alikuwa anaongeza maji kila siku?"

"Kila asubuhi. Mwaka mzima."

"Basi alikuwa anajaza kinachovuja. Sikia, jirani. Gari zima halinywi maji kila siku. Ukiliona linakunywa, ujue ni gonjwa. Usifurahi kwamba unalinywesha. Tafuta linakopoteza."

Dobi alibaki amelala chali, macho yake kwenye tumbo la gari. Alikuwa anaona jagi. Si la asubuhi, la usiku. Jagi kando ya kitanda, ambalo alilijaza kila jioni kwa sababu mumewe alikuwa anaamka na kiu. Alikunywa lote, akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Suruali zilimlegea kiunoni, na dobi akazibana kwa sindano. Hata alimtania: "Mume wangu umekuwa samaki?" Wakacheka wote wawili. Siku alipozimia na kupelekwa hospitali, daktari alisema ni sukari, imepanda kwa muda mrefu. Akauliza, hamkuona dalili?

"Mama?" binti aliita.

"Nipo."

"Unalia?"

"Ni kutu. Imeniingia machoni."

Fundi alinyoosha mkono wenye grisi, akamshika bega.

Baadaye alimpa dobi bisibisi. "Kazi hii utaifanya wewe. Mimi mdomo, wewe mikono."

Dobi alilegeza klipu, akavuta mpira mbovu, akavisha mpya, akakaza. Walisukuma maji kwenye rejeta mpaka yale mekundu ya kutu yakaisha, yakatoka meupe. Fundi akamletea kulanti, dawa ya kijani ya kuchanganya na maji.

"Maji matupu yanachemka mapema na yanaleta kutu. Hii inazuia. Fuata vipimo vya kwenye dumu."

"Shemeji anasema gari likichemka, unatoa thamostati."

"Shemeji yako ana maneno mengi kuliko mimi! Thamostati ni kimlango. Injini ikiwa baridi kinafungwa, ikipata moto kinafunguka maji yapite. Kikiharibika unaweka kingine. Hukitoi ukaacha tundu. Mlango wa nyumba ukikwama, unang'oa ukalala wazi?"

Waliwasha injini mfuniko ukiwa wazi, tangu ikiwa baridi, ili hewa itoke. Mapovu yalipanda, maji yakashuka, dobi akaongeza. Walingoja. Mshale ulipanda hadi katikati ukatulia. Feni ikaanza kuvuma yenyewe.

"Umesikia?" fundi alisema. "Isipovuma hapo, tatizo ni feni. Imevuma. Funga."

Jioni ile mashuka yalifika. Tangu hapo dobi haendi uani na jagi. Huangalia mistari miwili kabla injini haijapata moto, huangalia chini kama pana tone, hushusha boneti, huondoka. Mlima anaupanda na mshale hauondoki katikati.

Shemeji alikuja siku ya mapumziko. Alilizunguka gari, akaingia, akaliwasha, akalisikiliza. Hakuona kasoro, ndipo akakasirika.

"Nasikia umemwambia yule Honi kwamba kaka yangu alikuwa mzembe."

"Nilimwambia alikuwa anaongeza maji kila siku. Ndivyo ilivyokuwa."

"Unamwaibisha marehemu mtaani."

"Keti, shemeji." Dobi aliweka pasi pembeni. "Mimi na binti tumekwenda kupimwa sukari. Yake iko sawa, yangu iko sawa. Sasa ni zamu yako. Wewe na marehemu mmetoka tumbo moja, na daktari anasema ugonjwa huu unapita kwenye damu za ndugu. Kesho asubuhi nakupeleka kwa gari hili."

Shemeji alisimama. "Kwanza kaka, sasa mimi! Unaniombea ugonjwa ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

"Baba mdogo, hakuna anayekuombea..." binti alianza.

"Nyamaza! Shemeji, utaniomba radhi. Na marehemu utamwomba radhi. Sasa hivi, mbele ya mtoto."

Dobi alitazama nje. Uani palikuwa pakavu. Alitamani kuuona mgongo wa mumewe mara moja tu, apige kelele dirishani kumwambia aache jagi, kisha amshike mkono ampeleke hospitali.

"Marehemu nilimpenda," alisema. "Nilimjazia maji nikadhani namtunza. Hilo nitakufa nalo. Wewe sitakujazia. Kesho asubuhi injini itakuwa inawaka nje ya mlango wako, na usipotoka nitapiga honi mpaka majirani watoke."

"Nimesema omba radhi!"

"Siombi."